Mshale Uliokufa Katikati

Jumatatu, 2 Juni

Nimefungua duka, nimefagia, nimepanga mikebe ya oili mbele. Mteja wa kwanza ni fundi wa binamu yangu Shomari. Anataka plagi nne za gari jekundu. Nikampa.

Gari lile haliumwi plagi. Linaumwa koili ya silinda ya tatu. Ikishapata moto inakata umeme, injini inaanza kumisi. Koili ninayo, iko kwenye rafu nyuma ya kichwa changu. Kaomba plagi, nimemuuzia plagi. Kazi ya duka la spea ni kuuza, siyo kuagua.

Chai ya saa nne nimeinywa bila sukari na imenoga.

Alhamisi, 5 Juni

Limepita mbele ya duka likikohoa. Plagi mpya na kikohozi kilekile. Safi sana.

Nimekulia chini ya boneti ile. Namshikia Baba tochi, nampokea spana, natukanwa mwanga ukienda pembeni. Milango miwili, turbo, limelala chini kama linatafuta sarafu iliyoanguka. Baba alilinunua bovu kwa Mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Siku za kazi aliendesha lori la miwa. Jumapili anavaa shati jeupe, anashusha vioo, mji mzima wa Morogoro unamjua.

Kisha akafa. Arobaini ilipokwisha, ndugu zake wakakaa kikao kwao Kinole, mlimani. Nyumba kwangu na kwa Mama. Hapo sina neno. Gari kwa Shomari, mtoto wa shangazi. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, kwa hiyo mimi kwao ni mgeni mwenye sura ya marehemu. Mpwa ndiye wao. Mpwa ndiye anayerithi.

Shomari anafundisha jiografia. Ukimwomba spana namba kumi na nne anakuletea bisibisi.

Wakampa ufunguo mbele yangu. Una kamba nyekundu. Kamba hiyo niliisuka mimi.

Ijumaa, 13 Juni

Shangazi Hadija amekuja dukani, amejibwaga kwenye benchi la wateja. Nikampa shikamoo yake. Akaanza. Kwamba wazee wanapanga siku ya kumvisha Shomari kofia ya Baba na kumpa jina la marehemu. Kwamba siku hiyo akishasimama kwenye mkeka siyo binamu yangu tena. Ni Kibwana. Ni baba yangu.

"Na utamwamkia, Zaina. Usijifanye hujui."

Shomari! Nimemfuta kamasi mimi mwenyewe. Nilicheka mpaka Shangazi akachukia akaondoka. Halafu nikaingia stoo nikalia. Halafu nikakasirika kwa kulia.

Nimeamua. Sitaligusa, sitashauri, sitaonya. Wao wamerithi bati. Akili ya gari lile ninayo mimi, na haimo kwenye mirathi yao. Kimya changu kitalimaliza. Bora life kuliko limzoee yeye.

Jumatano, 18 Juni

Amekuja mwenyewe, na chaki kwenye mikono ya shati. Mpole kama kawaida, na upole wake unanichefua. Anauliza Mjomba alikuwa anafanyaje likianza kumisi. Nikamjibu amuulize fundi wake, si anamlipa?

Akasimama simama. Akauliza kama bado naendesha gari la gia. Akauliza kama leseni yangu haijaisha muda.

Mtu amenichukulia gari, anakuja kuulizia leseni. Dharau gani hii! Nilijifanya natafuta risiti mpaka akaaga.

Jumapili, 22 Juni

Siku njema kuliko zote tangu msiba. Limegoma kuwaka Msamvu, pale karibu na stendi, watu wamejaa. Stata. Ile stata inataka igongwe kidogo kwa rungu la kugongea tairi, chini upande wa kushoto, inaamka. Baba alikuwa anagonga bila hata kutazama. Shomari hajui. Amesukumwa na wauza maji na wapiga debe, gari la fahari linasukumwa kama mkokoteni wa viazi, na mmoja anapiga kelele, "Teacher, lipe homework litawaka!"

Nilinunua mishikaki miwili nikasimama ng'ambo ya barabara. Nilikula taratibu.

Jumamosi, 28 Juni

Sasa moshi wa bluu. Turbo inavuta oili. Nilijua itafika huko, maana akipaki anazima papo hapo. Gari lenye turbo halizimwi likiwa limetoka kukimbia. Unaliacha lingurume polepole, lipumue, oili izunguke, ndipo unazima. Baba akifika nyumbani alikuwa anabaki ndani ya gari, anamalizia taarifa ya habari redioni. Wageni walidhani anapenda habari.

Fundi amenunua oili nzito zaidi. Nimemuuzia kwa tabasamu.

Alhamisi, 10 Julai

Shomari ametoka Dumila kwenye harusi ya mwalimu mwenzake na gari limerudi likidondosha maji. Fundi amekuja kuchukua hosi paipu ya rejeta. Anajisifu. Anasema joto lake halina shida kabisa, mshale wa geji umetulia katikati muda wote, tena haujatikisika.

Nikageukia rafu ili asinione uso.

Mshale ule umekufa. Umekufa miaka mingi. Baba aliulaza pale katikati kwa sababu hakupenda kuuona umelala chini, alisema unamtia unyonge. Gari likiwaka, likizimwa, likiungua, wenyewe uko katikati. Yeye alikuwa anapima joto kwa pua. Akisikia harufu tamu ya maji ya rejeta anafungua hita mpaka mwisho ili ivute joto la injini, sisi ndani tunalowa jasho, na kwenye mlima anasimama mara mbili lipoe, pale darajani na pale kwenye mnazi uliopinda. Kinole alikuwa anafika akiwa amerowa kama aliyeogelea, na gari zima.

Ni siri ya watu watatu. Mmoja yuko kaburini.

Mama, wa tatu, amenikabili jioni tukichambua mchele. "Mwambie mwenzio habari ya mshale." Nimemjibu kwamba gari ni la ukoo, ukoo utamwambia. Akanitazama. Akarudi kwenye mchele wake. Naye ameapa hataingilia mambo ya kwa wakweze, na kiapo chake leo kimenifaa.

Ijumaa, 18 Julai

Siku imepangwa. Jumamosi ya wiki ijayo, Kinole, kofia na jina. Na Shomari anapanda mlima na gari jekundu. Shangazi ametangaza mpaka sokoni.

Nimemwita fundi nikamwambia abadilishe mastasilinda, ile pampu ya breki, kabla ya safari, nikampa mpya kutoka dukani. Breki siyo kisasi. Sitaki damu ya mtu. Nataka aibu tu, nayo iwe mbele ya ukoo wote, wakiwa wamevaa vizuri.

Nimeswali Alasiri. Kwenye dua nimejikuta nimeitaja rejeta. Nimeomba msamaha, lakini ombi sikulifuta.

Jumamosi, 26 Julai

Naandika yote.

Mimi na Mama tulikodi gari dogo. Baada ya Kiroka Shomari akatupita, honi juu, vioo vimefungwa. Vioo vimefungwa, maana yake hanusi kitu. Shangazi kiti cha mbele na ushungi mpya. Anapanda kwa gia kubwa, injini inalia, vumbi lote letu. Nilihesabu moyoni: daraja, hakusimama. Mnazi uliopinda, hakusimama.

Tukakunja kona na hilo hapo. Moshi mweupe unatoka kila pembe. Shangazi yuko nje, anajipepea kwa mkoba. Shomari amefungua boneti, mikono kichwani. Nilishuka kabla gari letu halijasimama vizuri. Nilitaka kuona karibu.

Injini imekamata. Haizunguki hata kwa kulisukuma na gia. Nikachungulia ndani kupitia kioo. Mshale umetulia katikati.

Nilisikia raha. Naiandika kama ilivyokuwa. Raha ya kushiba.

Lori lililokuwa linapanda kufuata ndizi likalivuta kwa kamba mpaka juu. Ndivyo mrithi alivyoingia Kinole, nyuma ya lori tupu, na watu wote wamesimama vibarazani. Nilitembea nyuma yake kama niko kwenye maandamano.

Kwenye mkeka wakamvisha kofia ya Baba. Imemkaa. Hilo liliniuma. Mzee wa ukoo akatamka mara tatu kwamba Kibwana amerudi, akinamama wakapiga vigelegele, watu wakaanza kumwendea mmoja mmoja kumwamkia. Nikabaki nimesimama. Shangazi ananikazia macho.

Shomari akaomba kusema. Vumbi bado liko kwenye nyusi. Nayaandika maneno yake kabla sijayasahau, ingawa sitayasahau.

"Wazee wangu, siku ya arobaini mlinipa ufunguo bila jina. Mpwa hana ruhusa ya kutoa mali ya ukoo. Nilinyamaza nikasubiri. Leo mimi ni Kibwana, na Kibwana ana mtoto mmoja. Baba akimpa mwanawe kitu kwa mkono wake, hakuna wa kumuuliza. Zaina mwanangu, njoo."

Mzee mmoja akaguna. Mwingine akacheka, akasema kijana ameipata njia. Shangazi akabaki mdomo wazi. Hakujua. Shomari hakumwambia hata mama yake.

Nilisogea. Sijui nilisogeaje. Akaniwekea ufunguo kiganjani, na kamba yangu nyekundu. Mkono wake ulikuwa umeungua na mfuniko wa rejeta, ngozi imetoka.

"Nilitaka nikukabidhi zima," akasema, na sasa hakuwa anawaambia wazee. "Ndiyo maana nilikuwa nalipeleka kwa fundi kila siku. Bahati mbaya limenifia njiani. Nisamehe, mwanangu."

Mama alikuwa ananitazama. Watu wote walikuwa wananitazama.

"Shikamoo, Baba," nikasema.

"Marahaba."

Jumapili, 27 Julai

Sikufungua mlango. Sikula.

Leseni. Alikuwa anauliza leseni kwa sababu hiyo.

Jumanne, 29 Julai

Limeletwa juu ya lori, chini ya mikungu ya ndizi, limeshushwa uani kwetu. Hasira ninayo bado na haina pa kwenda. Nimemkasirikia yeye kwa kutonidokeza. Nimewakasirikia wazee kwa desturi yao. Nimemkasirikia Baba, angeweza kunipa kwa mkono wake siku yoyote ya uhai wake, lakini kila Jumapili alidhani kuna Jumapili nyingine. Nikimaliza wote nabaki mimi.

Mama amelifunika kwa turubai.

Jumatano, 6 Agosti

Nimefungua injini. Silinda hedi imepinda. Gasketi imeungua mpaka imekuwa unga. Pistoni mbili zimejishindilia kwenye kuta, na bloku ina ufa ninaoweza kuupitishia ukucha. Spea ya hayo sina dukani na sijui aliye nayo.

Pembeni ya bloku, mahali ambapo hakuna atakayepaona bila kushusha kila kitu, nimekuta waya mwembamba Baba aliokazia hosi, na kipande cha shati jeupe alichozungushia ili waya usiikate. Kimeungua nusu. Nimekitoa nikakikunja.

Shomari amekuja baada ya shule. Anakuja karibu kila siku siku hizi, hajui kufanya lolote, kwa hiyo ananishikia tochi. Mwanga ukienda pembeni namfokea. Anaurudisha.

Leo ameuliza kile nilichokuwa nakisubiri. Mshale. Kwamba yeye alikuwa anautazama njia nzima, kila kona, na uko katikati. Uliharibika lini?

Nimeendelea kulegeza nati mpaka ikatoka. Kisha nikamjibu: miaka mingi.

Nilisikia majirani wakimwita mtoto kwenda kuoga. Nilingoja aiweke tochi chini aondoke, na nilikuwa tayari.

Akasogea upande wa pili ili nisijizibie mwanga kwa mkono wangu. Tukaendelea mpaka magharibi, ndipo Mama akatuita tule.