Mpwa Wangu Anataka Nishuke Mlima Mimi Kwanza

Mpendwa Bi Tetty, naomba msaada wa haraka maana huku Lembang jina langu liko hatarini, na si jina dogo, mimi Mang Engkos natengeneza pikipiki tangu sijaota ndevu, niliwahi kufufua moja iliyoopolewa mtoni na ndani ya injini samaki bado anahema, sasa mpwa wangu Imas, ambaye Jumapili anashindana kushuka mashamba ya chai kwa baiskeli, akalalamika mpira unaopitisha mafuta ya breki ya mbele ni mrefu mno, umejikunja mbele ya usukani unanasa matawi, akataka kuipeleka Bandung, nikamuuliza Bandung kuna nini ambacho mjomba wako hana, basi nikageuza usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto, nikapima, nikaukata mpira kwa wembe mpya, nikavisha kipete kipya cha shaba, nikajaza mafuta, nikatoa hewa yote, na Bi Tetty, breki ile ukiigusa kwa kidole kimoja gurudumu linaganda, nilicheka peke yangu kama mwehu, majirani wakaacha bajia zao za bala-bala zinaungua kwenye karai wakaja kuibonyeza, lakini jana Imas akasema mkono wa breki unarudi polepole, nikamwambia breki mpya ina aibu, itazoea, akakunja mikono kifuani mbele ya watu wote akasema, "Mjomba, kama ni nzima, shuka wewe kwanza." Nishuke? Na mafuta niliyotia ni yale bora kabisa, ya breki za pikipiki, kopo nimelifungua mwenyewe.

Mang Engkos, wa Lembang

Mang Engkos, nilikuwa nashangilia pamoja nawe. Kupima usukani ukiwa umegeuzwa, kipete kipya, mafundi wangapi wanakumbuka hayo? Kisha nikafika kwenye kopo, nikashika kichwa.

Soma kifuniko cha mkono wa breki. Naweka dau kimeandikwa mafuta ya madini. Mafuta ya breki za pikipiki yanavimbisha raba za ndani za breki kama hiyo. Siku za kwanza unaona raha, kisha mkono unarudi kwa kusinzia, kisha siku moja unabaki palepale, na mpwa wako yuko katikati ya mteremko. Aibu gani ya breki, Mang? Hiyo breki inakufa, na wewe unaitania.

Kwa hiyo hushuki wewe, hashuki yeye. Kumwaga na kujaza upya hakutoshi, raba zimeshakunywa. Nunua breki ya mbele nzima, mkono, mpira na kalipa, kile kibanio cha gurudumuni, ukate mpira vile vile ulivyoukata ule wa kwanza, maana hapo mkono wako ni wa dhahabu, utie mafuta yaliyoandikwa kwenye kifuniko.

Na umwambie Imas leo kwamba ulikosea mafuta, mbele ya wale wale waliobonyeza. Atanuna. Mwache anune, Jumapili awe na meno yake yote.