Mstari wa Mama

Kaka yangu,

Huku wazima, isipokuwa cherehani yangu, imeanza tena kukata uzi. Mimi kichwa kinazunguka. Tume inachora upya majimbo ya uchaguzi, na ramani yao imeupasua mtaa wetu katikati ya barabara. Sisi tupewe mbunge huyu, shule na zahanati ng'ambo zipewe yule. Mtaro ukifurika, tumlilie nani?

Jana tuliitwa ukumbini. Ofisa akagawa ramani na kalamu, kila mtu azungushie mtaa wake, ili wajue wasitutenganishe wapi. Kumbe ndipo tukavurugana! Kinyozi alizungushia wateja wake wote, mpaka sokoni. Jirani yetu akaikwepa nyumba ya wifi yake waliyenuniana naye. Mimi nikachora, nikafuta, nikachora. Tumekuja kusema sisi ni wamoja, halafu hatujui tunaishia wapi!

Mama akachora polepole: barabara, shule, zahanati, reli. Kalamu ikafika ukingoni mwa karatasi, ikaendelea juu ya meza.

"Mama, huko ni nje ya ramani," ofisa akamwambia.

"Mwanangu wa kwanza yuko huko. Niongezeeni karatasi."

Watu wakacheka. Mimi sikujua nicheke au nilie, maana Mama siku hizi hata jina langu humpotea.

Tume itaamua nini, sijui. Wewe, kaka, amua upesi kuja, wakati bado anakumbuka kwamba umo ndani ya mstari.

Mdogo wako,
wa jimbo nisilolijua bado