Vifundo vya Ndani ya Koti

Chumba cha Cherehani,
Nyumbani.
Jumamosi, 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Wewe na wifi mnaendeleaje? Kile kikohozi kimekwisha au bado unakibembeleza kwa chai? Sisi huku wazima. Mgongo wangu bado upo, ila siku hizi unajua mwenye nyumba ni nani.

Barua yako ya mwezi wa pili iliniudhi, sitakuficha. Uliandika kwamba miaka mitano ya maumivu inatosha, nimpe binti wa dada yetu cherehani, nikae nipumzike. Niliisoma mara mbili, nikalia. Kisha kwa hasira nikamtangazia shemeji yako: namshonea Kaka koti, na lisipokwisha kufikia tarehe kumi na mbili Juni, mtoto aje achukue cherehani yake.

Unanijua kwa pupa. Siku ya kwanza nilikata kitambaa chote na kushona mgongo wa koti bila kuinuka. Siku nne zilizofuata nililala chali nikihesabu mbao za dari, shemeji yako akinivalisha soksi huku anaimba. Aibu iliyoje!

Mama wa mazoezi ya viungo pale hospitali hata pole hakunipa. Aliniuliza naweza kukaa dakika ngapi kabla maumivu hayajapamba moto. Nikasema nusu saa. Akanitazama tu. Nikasema kumi. Akaandika nane.

"Siku mbaya nane, siku nzuri nane," alisema. "Halafu unasimama, unatembea, ndipo unarudi. Ukizoea, tutaongeza moja."

Nane! Fundi wa miaka ishirini napewa dakika za kuchemsha yai! Nawe unajua sisi mafundi, mshono ukianza juu unaishia chini. Anayeuacha njiani ni mwanafunzi. Lakini nilikuwa nimeshikwa pabaya, nikatega kengele ya simu.

Siku mbaya hazikunishinda. Kazi ilikuwa siku nzuri. Asubuhi moja niliamka mwepesi, nikaushika mkono wa kushoto wa koti, na ulipobaki upana wa viganja viwili tu kufika kwapani, simu ikalia.

"Malizia tu, mama watoto," shemeji yako akasema kutoka jikoni. "Kwani nani anakuona?"

Mguu ulikuwa bado kwenye pedali. Nikafunga uzi, nikaukata, nikasimama. Niliizunguka meza nikimtukana yule mama kimoyomoyo. Kesho yake nilivaa soksi mwenyewe, zote mbili!

Sasa nimefika dakika kumi na mbili. Maumivu hayajaondoka, wala hakuna aliyeniahidi kwamba yataondoka. Ila tangu asubuhi ile sijalala chali mchana hata siku moja.

Juzi Alhamisi binti alikuja na mkokoteni na kamba. Alikuta koti limetundikwa mlangoni, bado lina joto la pasi. Akaligeuza, akapapasa mishono, akaangua kicheko.

"Mama mdogo, mbona vifundo vingi hivi, kama vyangu nilipokuwa najifunza?"

Nikamwambia avihesabu. Alifika hamsini na tatu akachoka. Kisha akanisaidia kuisogeza cherehani karibu na dirisha, akaondoka na mkokoteni mtupu. Kaka, nilicheka mpaka nikashika ukuta!

Msalimie sana wifi, na umkumbatie kitinda mimba wenu. Shemeji yako anakusalimu, anasema kazi yake ya soksi imeota mbawa. Mungu awafunike nyote kwa afya na usingizi mzuri.

Koti ndilo hilo kwenye kifurushi. Kwa nje limenyooka, hakuna atakayejua. Ila ukiwa peke yako ligeuze, upapase mkono wa kushoto, karibu na kwapa. Hapo ningeweza kuendelea, nikasimama.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Fundi, na bado ni fundi.