Maji Hayakuibwa, Baba

Baba, shikamoo.

Kwanza nikutanie kidogo. Vile vitabu vya Kirusi ulivyorudi navyo kutoka masomoni vimo sandukuni, vizima. Hata mchwa wa hapa kijijini kwetu Chilangala wamevishindwa, kama mimi. Nakukumbuka barazani baada ya alasiri, unatutafsiria huku machozi yanakutoka. Mwislamu mzima unawalilia watawa wa Urusi! Ukimaliza unaniambia, "Kosa la mmoja ni letu sote, mwanangu." Nami najisemea moyoni, labda huko kwao kwenye barafu.

Kiangazi kile, maji ya kisima chetu cha kukingia mvua yalipopungua, sikutaka falsafa ya mtu. Nilimsimamisha jirani yetu Mama Saidi mbele ya wanawake wenzake, nikamwita mwizi. Kisima nikakitia kufuli. Wewe ukasema tu, "Hata kama ameiba, jiulize kwa nini sisi tuna kisima na yeye hana." Nilikasirika, Baba. Niliona unampenda jirani kuliko mwanao.

Basi sikia. Wiki ya pili baada ya kukuzika, fundi alishuka kusafisha kisima kabla ya mvua, akanionyesha ufa mrefu chini kabisa. Maji yalikuwa yakinywewa na ardhi. Hakuna aliyeiba hata kata moja. Loo! Nilikaa chini palepale.

Nilizunguka na aibu hiyo siku nyingi. Lakini Mama Saidi nilimtukana hadharani, na kumtaka radhi kulibidi kuwe hadharani. Siku ya arobaini yako, wanawake wakichambua mchele uani, nilisema yote, nikampigia magoti.

Mama Saidi akaniinua, analia na kucheka. "Baba yako alishakuja jioni ileile uliponiita mwizi," akasema. "Alisema kosa ni lake, yeye ndiye aliyekulea. Akanisihi nisikwambie mpaka uje kwa miguu yako."

Baba! Miezi yote ile tulikula sahani moja, unaningoja, na hukunisuta hata mara moja.

Nina furaha, nakuambia kweli. Ufa umezibwa, kufuli nimelitupa, Mama Saidi anachota apendavyo. Kitabu kimoja nimekianza kwa kamusi yako. Niko ukurasa wa tatu, usinicheke.

Pumzika, Baba yangu, Mola akupe nafasi pana. Nakuahidi: mwanangu akimkosea mtu, mimi ndiye nitakayetangulia kupiga hodi.