Mtoto Asiyeenea Kwenye Mizani

Singe, Babati
6 Machi 1983

Mwanangu Redempta,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla hujafungua bahasha. Mimi ni mzima. Mgongo tu ndio unalalamika, na hilo ni kosa la binti yako, si la uzee. Wewe je, huko Morogoro? Chakula cha chuo kinashuka?

Sasa keti. Leonia ametimiza mwaka na miezi minne, na Babati nzima hana mfano. Uzi wa kiunoni nimeukata mara tatu tangu Krismasi. Nikipita naye sokoni watu wanasimama: "Mama Redempta, huyo unamlisha nini, mbona wa kwetu ni mbavu tupu?" Nacheka tu. Mjomba wako Kasimiri, kila lori lake likipita kutoka Arusha, ananishushia sukari na maziwa ya kopo. Uji wa Leonia kijiko kinasimama wima. Akikataa namlaza pajani, nakinga kiganja mdomoni, namimina. Lazima ameze ndipo apumue. Ndivyo nilivyokulea wewe, na leo unasomea unesi.

Hajatembea bado. Usianze. Mtoto mzito hana haraka.

Wiki ijayo wanakuja watu wa utafiti wa lishe kutoka Dar. Watapima watoto wote wa Singe walio chini ya miaka mitano. Gauni nimeshamshonea. Waje waone.

Mama yako,
Xaveria


Morogoro
27 Machi 1983

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, isipokuwa viatu vimeanza kucheka na madukani hakuna vingine. Mgongo wako unaendeleaje? Barua yako niliwasomea wenzangu bwenini wakacheka mpaka machozi. Kisha nikaisoma tena peke yangu, na sikucheka.

Mama, usinikasirikie. Uji mpe kwa kikombe, na akigeuza kichwa mwache. Huo wa kumimina unaweza kuingia mapafuni; wodini nimeshawaona wawili. Na sukari punguza. Tunafundishwa kwamba mtoto aliyenenepa kupita kiasi naye ana tatizo la lishe, sawa na aliyekonda. Kwa umri wake angalau angesimama kwa kushika kiti. Anasimama?

Kumwacha kwako lilikuwa jambo zito. Chuo hakipokei watoto, na baba yake tangu aende machimboni hajaandika. Nina wewe tu, ndiyo maana nauliza sana.

Redio huku inawataja walanguzi kila siku. Mwambie mjomba asilete tena.

Mwanao,
Redempta


Singe, Babati
24 Aprili 1983

Mwanangu nesi,

Salamu zako zimefika, na mgongo unakushukuru. Sisi wazima.

Unene ni ugonjwa! Nimemsomea jirani yetu Hilaria. Akashika mbavu za Teodori wake akasema, "Mama Redempta, mwambie nesi amwambukize na huyu wangu."

Watafiti walikuja. Walitundika mizani yao mbele ya ofisi ya kata, ile yenye suruali ya kumning'inizia mtoto. Suruali ikakwama mapajani! Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini. Ikabidi twende ghala la chama cha ushirika, kwenye mizani ya mahindi. Nikapimwa naye, kisha nikapimwa peke yangu. Kilo kumi na saba! Mkubwa wao, kijana wa miwani anaitwa Bwana Egidius, aliandika, akafuta miwani, akaandika tena.

Kisha akanifuata nyumbani na karatasi zake. "Mama, asubuhi anakula nini? Mchana je?" Na mlangoni, mwanangu, amesimama Paskasi, mume wa Hilaria. Siku hizi ni mgambo, ndiye anayewasindikiza hao wageni. Asubuhi ileile walikuwa wamemkamata mtu wa Bonga na mifuko miwili ya sukari, wakampandisha Land Rover amefungwa kamba. Na sukari ya mjomba wako ilikuwa nyuma yangu, nusu gunia, ndani ya mtungi chini ya mbegu za mbaazi. Ningesema nini? Nikasema: "Uji wa ulezi, maharage ya kuponda, mchicha, na moyo wa bibi." Akaandika vyote, hata moyo.

Sasa mimi ni mama wa mfano! Kila mwezi siku ya kupima nasimama mbele na Leonia, nawafundisha wenzangu. Mimi niliyeishia darasa la nne!

Mama yako,
Xaveria


Morogoro
15 Mei 1983

Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta wazima. Leo sina maneno mengi.

Umemdanganya mtu anayeuliza ili watoto wapone. Wanawake watakaofuata ulichosema wataponda maharage na kungoja kilo kumi na saba. Hazitakuja. Watamlaumu nani?

Hukujibu kama Leonia anasimama.

Tafadhali mwite Bwana Egidius kando umwambie ukweli. Sukari iondoe nyumbani.

Mwanao,
Redempta


Singe, Babati
17 Julai 1983

Redempta mwanangu,

Usidhani nimekununia. Nilikosa karatasi, na hii nimechana kwenye daftari la parokia, Mungu ananiona. Huku baridi imeingia, tunakohoa kidogo. Wewe jifunike vizuri.

Hasimami. Nimejibu sasa. Akishushwa anakaa pale alipowekwa kama chungu, ananitazama.

Bwana Egidius nilimwita kando, kama ulivyosema. Nikaanza, "Baba, kuna kitu kuhusu ule uji..." Akaninyanyulia mkono. "Mama, karatasi zimeshakwenda Dar. Wakubwa wanakuja Oktoba kumwona mtoto huyu. Kama ni jambo la kunitia matatizo, usiniambie." Akaenda kunywa chai.

Tangu msako wa walanguzi uanze Kasimiri hapiti. Maziwa ya kopo yameisha. Sukari ipo, lakini nitaikoroga wapi? Kila saa mtu yuko mlangoni kuniona nikipika. Wanakaa jikoni kwangu! Nawapikia wao maharage, na wakienda namkorogea Leonia haraka haraka, nikiwa nimeegemea mlango. Mwezi wa sita alipungua kilo moja. Watu wote wakanigeukia. Balozi wetu wa nyumba kumi akaniambia, "Mama Redempta, usituaibishe, wageni wanakuja." Basi narudi nammiminia. Juzi alipaliwa, midomo ikawa ya bluu. Nilimgeuza kichwa chini, nikampiga mgongoni mpaka akalia. Sijawahi kufurahi kusikia mtoto analia kama siku ile.

Liko na jingine. Teodori wa Hilaria amezidi kukonda. Paskasi alimwambia mkewe mbele za watu, pale kwenye mizani: "Maharage unayo, ulezi unao, mchicha uko nyuma ya nyumba. Mzee kama Mama Redempta anaweza, wewe chakula cha mwanangu unakula mwenyewe?" Hilaria akanitazama mimi. Akangoja nimtetee. Nikainama kufunga kamba ya gauni la Leonia, na kamba ilikuwa imefungwa.

Wiki hiyohiyo Paskasi akamrudisha kwao Sigino.

Wa kumwambia ni Paskasi. Na Paskasi ndiye mgambo. Niambie wewe uliyesoma, hapo mtu anatokea wapi?

Mama yako


Morogoro
9 Agosti 1983

Mama yangu,

Shikamoo, na pole. Kikohozi cha Leonia kimeisha? Akihema kwa kukoroma mpeleke hospitali hata kama umechoka, hata kama ni siku ya mizani.

Niliomba ruhusa nije. Mkuu wa chuo amenikatalia. Nikiondoka kabla ya mitihani ya Desemba nimejifukuza mwenyewe. Nililia chooni, nikarudi wodini kulisha watoto wa wengine.

Nimemwandikia Paskasi barua. Bado iko chini ya mto wangu. Nikiituma, nimemfunga mama yangu kwa mkono wangu. Nisipoituma, Hilaria anabaki mwizi wa chakula cha mwanawe, na Leonia anaendelea kumiminiwa ili wakubwa wa Dar wafurahi. Mama, siwezi. Hapo unapouliza mtu anatokea wapi, mimi sijui. Najua tu kwamba Leonia hawezi kujitoa mwenyewe.

Mwanao anayekupenda,
Redempta


Singe, Babati
2 Oktoba 1983

Mwanangu mpendwa,

Amani iwe nawe na mitihani yako. Sisi tuko hai, Leonia hakohoi tena. Ile barua ya Paskasi ichome, mdomo wangu umeitangulia.

Jana nilimfunga Leonia mgongoni nikaenda Sigino kwa miguu. Sitaki kukudanganya, nilipumzika mara tisa. Hilaria alikuwa anapura maharage uani kwa baba yake. Hakunikaribisha. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, hata habari ya mtungi na mbaazi. Akaendelea kupura. Kisha akasema, "Umenyamaza miezi mitatu, Mama Redempta. Mimi hapa hata maji ya kunywa napewa kwa masimango." Nikasema najua. Akasema, "Hujui." Baba yake ndiye aliyemtuma mtu amwite Paskasi.

Paskasi alinisikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi. Nilidhani atapiga kelele. Aliuliza tu, "Sukari alileta nani?" Nikasema nilinunua mwenyewe kwa mtu wa barabarani, simjui jina wala sura. Huo uongo niachie, ni wa ndugu yangu na ndio wa mwisho. Akasema, "Mama, wewe umenikalisha kwako tangu nina kaptula. Lakini nimeapa." Nikamjibu, "Basi fanya ulichoapa. Ila kwanza mkeo mwombe radhi, hapa hapa, baba yake akisikia, kama vile ulivyomtukana watu wakisikia." Akaomba. Kwa sauti ndogo, lakini aliomba. Mama yako bado anajua kusema na watu!

Kesho asubuhi anakuja na balozi kuchukua mtungi, na mimi pamoja nao. Wakubwa wa Dar wanafika Alhamisi. Sijui Egidius atawaonyesha nini.

Leonia atakaa na Hilaria mpaka uje Desemba. Nilimwomba nikidhani atanitemea mate. Alisema, "Mtoto hakufanya kitu." Amekuja leo na Teodori wake, wako hapa jikoni ninapoandika. Nilianza kumweleza jinsi ya kumlaza pajani, hakutaka kusikia. Amemweka Leonia chini, bakuli katikati ya miguu, akampa kijiko. Uji umemjaa kwenye nywele. Teodori anamwibia, naye anamwibia Teodori. Amekula vijiko vinne, akageuza kichwa. Mkono wangu ukainuka wenyewe, Redempta, ukaenda kumshika taya. Hilaria akaukamata, akaushusha mapajani mwangu, na hajauachia.

Naandika kwa huu mwingine, ndiyo maana herufi zimelala.

Mama yako,
Xaveria