Nalilegeza Bomba Langu Ili Fundi Aje

Mpendwa Shangazi Effie,

Naomba unisaidie, na tafadhali usinicheke kabla hujafika mwisho. Mimi ni mjane wa miaka hamsini na nane, nakaa hapa Glasgow kwenye nyumba za ushirika, zile ambazo wapangaji ndio wenye chama, wenyewe tunachagua kamati, wenyewe tunaajiri fundi na wenyewe tunamfukuza, na mimi nimo kwenye kamati ya matengenezo, kwa hiyo nilipaswa kuwa mtu mwenye akili zake.

Basi wakati wa baridi bomba la jikoni likavuja, la kweli hilo, naapa, akaja fundi wetu mpya, Fergus Devlin, mgane, anapiga mluzi huku amelala chini ya sinki, na alipomaliza akadeki sakafu kwa kitambaa chake mwenyewe, akanywa chai, akala keki ya tangawizi, akaniuliza habari za maua yangu ya dirishani, Shangazi, tangu mume wangu afariki hakuna aliyeniuliza habari za maua, na alipoondoka nyumba ikawa kimya mpaka nikawa nasikia friji inavyonguruma. Wiki iliyofuata nikachukua spana ya marehemu, Mungu anisamehe, nikalegeza nati.

Akaja. Nikalegeza tena, akaja tena, na sasa nacheka peke yangu kwenye ngazi, nimenunua rangi ya mdomo, na jirani yangu Senga, ambaye kazi yake ni kuchungulia, ananiuliza, "Netta, shoga yangu, hilo bomba lako lina jini au lina mchumba?" Namjibu, "Lina kutu," na mashavu yananiwaka.

Juzi nusura niumbuke, nilisahau spana pembeni ya sinki ikiwa bado inachuruzika maji, Fergus akaiokota, akaifuta, akairudisha kwenye droo, akasema tu, "Bibie, hili bomba lako halipendi nikae siku nyingi bila kuja," nikashukuru sana kwamba hakugundua kitu.

Sasa balaa lenyewe. Chama chetu kina kanuni, fundi akirudia kazi ileile mara tatu kwenye nyumba moja anaitwa mbele ya wanachama wote, mikono inanyooshwa, abaki au aende, na kanuni hiyo, Shangazi, niliileta mimi, enzi za yule fundi mvivu aliyekuwa anatibu kila kitu kwa gundi. Fergus ameitwa kwenye mkutano wa Jumanne ijayo. Mwenyekiti alipomuuliza mbona bomba la Netta haliponi, kajibu, "Mabomba ya zamani hayo, mzee," basi. Watu wanasema hajui kazi. Nikisema ukweli nitakuwa kichekesho cha mtaa mzima, nikinyamaza anapoteza kazi. Je, nikinyoosha tu mkono abaki, nikafunga mdomo, haitoshi? Na mbona hata ninavyoandika haya natabasamu kama punguani?

Netta

*

Netta,

Nimecheka, na sikuombi radhi.

Kwanza nikuseme. Mdomo unao, chai unayo, na bado umeona njia ya kumwita mwanamume ni kumlaza chali kwenye maji ya baridi. Umetunga kanuni ya kuwabana wazembe, halafu ukamsukumia humo fundi hodari. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, ila wewe umechimba na kumtanguliza mwenzako. Na kila alipokuwa kwako anakula keki, kulikuwa na mpangaji mwingine wa ushirika huohuo aliyemngoja huku anatetemeka. Hilo hukuliwaza hata kidogo.

Sasa nikufungue macho. Mtu aliyezeeka na mabomba anaokota spana inayochuruzika maji, anaifuta, anairudisha droo bila kuuliza ni droo ipi, nawe unaniambia hakugundua? Anajua, mama. Kwa neno moja tu kwa mwenyekiti angejiokoa. Hakulisema. Amekubali aitwe mzembe mbele ya majirani zako wote ili wewe usichekwe. Soma hapo mara mbili, kisha uone aibu ya kuogopa kuchekwa.

Kunyoosha mkono hakutoshi. Hata akibaki, atabaki na jina la uzembe, na jina hilo umempa wewe. Jumanne wahi, kaa kiti cha mbele, rangi ya mdomo uipake. Usimwache Fergus afungue kinywa kabla yako. Simama useme: "Bomba lilikuwa zima. Nililegeza mimi, kwa mkono wangu. Kazi yake haina kasoro." Usieleze kwa nini, Senga atawaelezea. Wakicheka, cheka nao. Kisha jiuzulu kwenye kamati kabla hawajakutoa, na ngazi za wale waliongojeshwa uzisafishe wewe mpaka majira ya joto.

Fergus atakufuata mlangoni mkutano ukiisha. Mwalike chai kesho yake. Akikuuliza kimeharibika nini, mwambie hakuna.

Shangazi Effie