Siku Shangazi Alipomlilia Malkia wa Urembo

Rosettenville, Johannesburg

Mke mwenzangu Zuhura,

Salamu zako kutoka Dar zimefika, na babu yako kataka asomewe mara mbili. Sote wazima. Mjomba wako kafungua spaza, kiduka cha mtaani, kule Diepsloot, na wanawe nikiwasemesha Kiswahili wananijibu Kizulu.

Unaniuliza kama uache kuigiza, kwa kuwa watu wamekucheka na kusema taji la urembo halimfanyi mtu mwigizaji.

Nilipokuwa msichana Tanga, shangazi yangu Mwanaidi alinipeleka sinema, onyesho la wanawake, kumtazama malkia wa urembo wa Kihindi katika filamu yake ya kwanza. Alikuwa mzuri, lakini alilia kwa uangalifu, asije akaharibu wanja. Ukumbi mzima ukacheka. "Mrudisheni kwao!" shangazi akapiga kelele.

Yule dada hakuacha. Kila filamu yake ilipokuja tulikwenda, na mwanzoni tulicheka zaidi ya kunyamaza, kisha tukanyamaza zaidi ya kucheka. Miaka ikapita, akaigiza mjane anayemtafuta mwanawe sokoni. Shangazi alilia mpaka akajifutia kanga yangu.

Tulipotoka nikamwambia, "Ndiye yule mrembo uliyemcheka."

Akasimama. "Yule? Mbona leo sikuuona uzuri wake?"

Sijasikia sifa kubwa kuliko hiyo. Mimi siwezi kukupa sifa hiyo, kwani hata ukiigiza kizee kibogoyo nitakuona mrembo tu. Hao waliokucheka ndio wa kuwaigizia tena.

Bibi yako akupendaye,
Saumu